Kipimo Kiliitangulia Kalamu

Weka mezani karatasi moja ya kuchorea manga, ile ambayo wachoraji wa majarida ya Japani wameizoea kwa miongo mingi. Upana wake ni milimita 257, urefu 364. Imechapwa fremu mbili za buluu mpauko, moja ndani ya nyingine: ya nje milimita 220 kwa 310, ya ndani 180 kwa 270. Kandokando kuna vijistari vya kupimia kama vya rula. Kwenye pakiti imeandikwa kilo 110, au kilo 135, na pakiti yenyewe mtoto wa darasa la tatu anaibeba kwapani.

Kwa nini 257, isiwe 250? Kwa nini buluu? Na hizo kilo 110 ziko wapi? Anayeanza kuchora huambiwa "nunua B4", basi, naye hununua kama anunuavyo chumvi. Hakuna hata tarakimu moja hapo iliyowekwa na mchoraji. Ziliwekwa na watengeneza karatasi, wapiga chapa, watoza kodi, vita na kamera, kila mmoja kwa haja zake, na nyingine kati ya haja hizo zilikufa zamani. Nitazifuata kama zilivyokuja, na nitakawia pale panaponivutia.

Kwanza niliondoe njiani neno lenyewe. Masikioni mwetu Manga ni Uarabuni: pilipili manga, komamanga, Wamanga walioshuka na majahazi ya kaskazi. Manga ya Japani haina udugu nayo hata chembe. Imeundwa kwa herufi mbili zenye asili ya Kichina, ya kwanza ikidokeza jambo lifanywalo pasipo kujibana, ya pili ikimaanisha picha. Ila neno karatasi kweli limetujia kwa njia ya Manga yetu: ni qirtas ya Kiarabu, ambayo nayo ilichukuliwa kutoka khartes ya Kigiriki.

Huko Bologna, Italia, limehifadhiwa bamba la jiwe la mwishoni mwa karne ya 14 lililochongwa mistatili minne, mmoja ndani ya mwingine. Lilikuwa sheria. Kila mtengeneza karatasi wa mji alipaswa kufuata moja ya vipimo hivyo, kuanzia imperiale, kama milimita 500 kwa 740, hadi reçute, kama 315 kwa 450. Ukitafakari hiyo imperiale utaona kipimo cha mwili wa mtu. Karatasi ilitengenezwa kwa kuchovya chekeche kwenye pipa la rojo, kisha kuliinua na kulitikisa, siku nzima, mamia ya mara. Chekeche lililozidi mikono ya fundi lisingeinulika. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote ya wanasayansi, ukubwa wa ukurasa uliwekewa mpaka na mabega ya mfanyakazi, na kila ukubwa mwingine ulipatikana kwa kuikunja ile moja: mara moja, mara mbili, mara tatu.

Japani nayo ilikuwa na mabega yake. Karatasi ya huko, washi, ilitengenezwa hasa kwa nyuzi za gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi, na eneo la Mino lilisifika kuliko mengi. Katika biashara ya vitabu ya zama za Edo saizi mbili zilitawala: karatasi ya Mino, na ile iliyoitwa hanshi, ndogo kidogo. Ikunje ya Mino mara moja, umepata kitabu kikubwa cha heshima, cha dini au elimu. Ikunje hanshi, umepata kitabu cha wastani. Ikate ya Mino nusu ndipo uikunje, umepata kijitabu cha kama sentimita 13 kwa 18, na humo ndimo hadithi za mzaha zilimoishi. Tangu mwaka 1775, Koikawa Harumachi alipotoa kijitabu chake cha kijana wa shamba anayeota utajiri wa mjini, vijitabu vya aina hiyo vikajulikana kama kibyōshi, yaani vya jalada la njano. Maneno yalijazwa humo humo ndani ya picha, yakizunguka vichwa vya watu kama nzi. Kijitabu kimoja kilikuwa karatasi tano zilizokunjwa, ndiyo kurasa kumi. Hadithi ilichukua vijitabu viwili au vitatu. Mtunzi hakuulizwa anataka kurasa ngapi. Alijua kwamba ikifika ya kumi uzi unakatwa, na ni juu yake kuhakikisha msomaji anakitaka cha pili. Karatasi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kurudishwa rojoni, kuukuu iliyofanywa mpya, yenye rangi ya kijivujivu ya wino wa zamani usiotoka wote.

Mchoraji wa wakati huo alichagua karatasi kwa sifa ambayo leo tungeiita kasoro: wembamba. Mchoro wake wa mwisho aliuchora kwa brashi juu ya karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Mchongaji akaichukua, akaigandisha kifudifudi juu ya ubao, akaisugua mgongoni mpaka mistari ikajitokeza kama mishipa chini ya ngozi, kisha akapitisha kisu. Karatasi ikachongwa pamoja na ubao. Mchoro halisi ukafa ili chapa izaliwe. Vitabu kumi na vitano vya Hokusai Manga, vilivyoanza kutoka mwaka 1814, cha mwisho kikiwa cha 1878, mchoraji Hokusai mwenyewe akiwa kaburini miaka 29, vimepita njia hiyo. Kuna watu hutafuta "mchoro wa asili" wa ukurasa fulani wa Hokusai kama tunavyotafuta hati ya asili ya kiwanja. Ukurasa ukishachapwa, mara nyingi hakuna cha kutafuta.

Nusu ya pili ya dunia ilikuwa na adha tofauti. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyechora hadithi za kuchekesha ili kuwafurahisha wanafunzi wake, angeweza kuchora moja kwa moja juu ya jiwe la litografia, lakini jiwe hugeuza kila kitu: angelazimika kuandika maneno yake kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayejisoma kwenye kioo. Akatumia karatasi maalumu iliyopakwa dawa. Alichora na kuandika juu yake kwa mwendo wa kawaida, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye jiwe, ukageuka, na ulipochapwa ukageuka tena ukawa sawa. Kitabu chake cha Bwana Jabot kilichapwa hivyo mwaka 1833. Ule mstari wake unaotetemeka, unaoonekana umeandikwa zaidi ya kuchorwa, ni zawadi ya karatasi ile. Kwa bamba la shaba asingeupata. Wanaomwita baba wa katuni za kisasa hutaja vichekesho vyake. Mimi ningeanza na karatasi yake.

Kisha miti ikaingia. Mpaka hapo karatasi ya Ulaya ilitokana na matambara, na matambara yana mwisho. Katika miaka ya 1840, Friedrich Gottlob Keller wa Saxony alipata njia ya kusaga mbao ziwe rojo, na kwa muda wa nusu karne bei ya karatasi ya magazeti ikaporomoka. Rojo la mbao zilizosagwa lina lignini, ile gundi ya mti, nayo ikipigwa na jua na hewa huwa njano, kisha hudhurungi, kisha huvunjika kama papa mkavu. Magazeti ya New York hayakujali. Gazeti huishi siku moja. Ndiyo maana yaliweza kumpa Winsor McCay, kuanzia mwaka 1905, ukurasa mzima wa gazeti kila Jumapili kwa ajili ya ndoto za Little Nemo, ukurasa ambao msomaji aliukunjua mikono ikiwa imepanuka kama anayetundika shuka. McCay alichora majengo marefu na vitanda vyenye miguu mirefu kwa sababu karatasi ilikuwa ndefu. Kurasa hizo zikipunguzwa ziingie kitabuni, unaziona lakini huingii ndani yake.

Kilichokuja baadaye Marekani ni mkunjo tu, na naupenda mkasa huu kwa sababu hauna shujaa. Mwaka 1933, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Eastern Color huko Waterbury, Connecticut, watu wa mauzo, Harry Wildenberg na Maxwell Gaines miongoni mwao, walikuwa wakitafuta kazi za kuishughulisha mitambo isikae bure. Wakaona kwamba kurasa za katuni za Jumapili, zikipunguzwa na karatasi ile ile ikikunjwa mara moja zaidi, zinatoa kijitabu. Wakachapa Funnies on Parade, kikagawiwa kama zawadi ya wateja wa sabuni. Mwaka uliofuata Famous Funnies kikauzwa kwa senti kumi. Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo cha kitabu cha katuni cha Kimarekani, kile walichokivaa Superman na wenzake wote: mtambo wa gazeti, mkunjo mmoja, na pini mbili mgongoni. Idadi ya kurasa nayo hutokana na mikunjo. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, kwa hiyo vitabu huwa vya 32, 48 au 64, na mwandishi ambaye hadithi yake inaishia ukurasa wa 35 hana budi kukata au kuongeza maji.

Wachoraji wenyewe walichorea kwingine. Walitumia Bristol, kadi ngumu iliyoitwa kwa jina la mji wa Uingereza, inayotengenezwa kwa kubandika tabaka mbili, tatu au nne za karatasi nzuri. Iko yenye uso laini kama kioo, ambayo nibu huteleza juu yake, na iko yenye uso wa kukwaruza kidogo, inayoshika penseli na brashi. Kwa miaka mingi walichora kwa ukubwa mara mbili wa chapa, kiasi cha inchi 12 kwa 18, na kamera ndiyo iliyopunguza. Kupunguza husamehe: mkono uliotetemeka hautetemeki tena, wino uliovuka mstari hurudi ndani. Karibu na mwaka 1967 kampuni kubwa zikashusha kipimo hadi inchi 10 kwa 15, na kipimo hicho kingali kikitumika, juu ya kadi ya inchi 11 kwa 17. Chukua kurasa za kabla na za baada uzilinganishe: mandhari yanapungua, nyuso zinakaribia, visanduku vinakuwa vikubwa na vichache. Wahakiki wamelieleza badiliko hilo kwa kutaja mitindo na zama. Sipingi. Lakini anayekatwa karibu theluthi moja ya shamba lake hapandi mazao yale yale.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa mhariri mkali kuliko wote. Uingereza, vijarida vya katuni The Dandy na The Beano, vilivyokuwa vikitoka kila wiki, vikaanza kupokezana wiki kwa wiki, kimoja kikitoka na kingine kikingoja, hadi mwaka 1949. Ubelgiji, vitabu vya Tintin vilikuwa na zaidi ya kurasa mia moja za rangi nyeusi na nyeupe. Karatasi ikawa adimu, na mchapishaji Casterman akamshawishi mchoraji wake, Hergé, akubali kurasa 62 na rangi. Kitabu cha kwanza kutoka hivyo ni kile cha nyota ya ajabu cha mwaka 1942, kisha vya zamani vikachorwa upya viingie humo. Mwaka 1946 ikafika zamu ya Tintin nchini Kongo. Hadithi ikabanwa kutoka kurasa 110 hadi 62, na ule ukurasa ambamo Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji ukageuzwa kuwa somo la hesabu. Karatasi ilipungua sana. Dharau ilipungua kidogo. Hata hivyo kurasa 62 zikabaki kuwa sheria ya Tintin hata karatasi iliporudi kwa wingi, na wachoraji wa Ufaransa na Ubelgiji waliofuata wakajikuta ndani ya ngome ile ile, wengi katika vitabu vya kurasa 48, vya jalada gumu, ukubwa karibu wa A4.

Japani iliyoshindwa ilikuwa na njaa ya vitu vyote, karatasi ikiwemo. Karatasi nzuri iligawiwa kwa mgao, na wenye majina makubwa ndio waliopata. Wachapishaji wadogo wa Osaka wakageukia karatasi chafu iliyotengenezwa kwa takataka za karatasi nyingine, senkashi, ambayo haikuingia kwenye mgao, wakachapa juu yake vitabu vya watoto vyenye majalada mekundu ya kupiga kelele. Akahon, vitabu vyekundu, viliuzwa kwenye maduka ya pipi na vibanda vya mitaani. Mwaka 1947 mwanafunzi wa udaktari, Osamu Tezuka, akishirikiana na Shichima Sakai, alitoa humo Kisiwa kipya cha hazina, Shin Takarajima, na inasemekana nakala laki nne zilinunuliwa. Tezuka hakuyafurahia yote. Katika njia ile ya uchapaji wa bei nafuu, mafundi waliinakili michoro kwa mikono yao kwenye mabamba, kwa hiyo mstari uliomfikia mtoto ulikuwa wa fundi. Kutoka kwa mchongaji wa Hokusai hadi hapo, mchoraji wa Japani alikuwa bado hajachapwa kwa mkono wake mwenyewe, angalau katika vitabu vya maskini.

Sasa niirudie ile 257.

Mwaka 1786 Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alimwandikia barua mwenzake Johann Beckmann, akieleza uzuri wa mstatili mmoja wa pekee: ukiukata katikati, kila nusu ina umbo lile lile la mwanzo. Uwiano wake ni moja kwa kipeuo cha pili cha mbili, kama 1 kwa 1.414. Ufaransa ya mapinduzi ikautia katika sheria ya ushuru wa karatasi ya mwaka 1798, ikausahau. Mjerumani Walter Porstmann akaufufua, na tarehe 18 Agosti 1922 Ujerumani ikautangaza kuwa kiwango chake, DIN 476. A0 ni mita moja ya mraba kamili. A4 ni moja ya kumi na sita yake. Jamii ya B ilikuwepo pia, iliyowekwa katikati ya saizi za A.

Japani ikaipokea hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 hivi, ikaitia chumvi yake. Sokoni kulikuwa na karatasi kubwa za aina mbili. Moja iliitwa kiku, yaani krisanthemamu; inasimuliwa kwamba ililetwa kutoka Marekani ikiwa na nembo ya ua la dalia, na Wajapani wakaona ua lao wenyewe. Nyingine, ya milimita 788 kwa 1091, iliitwa nne-sita, kwa kuwa ilitoa kitabu cha sun nne na ushei kwa sun sita na ushei, sun ikiwa kipimo cha kale cha kama milimita 30, na ukubwa wake ulioana na mazoea ya karatasi ya Mino. A ilikaa vizuri kwenye ile ya kwanza. Kwa ya pili, B ya Kijerumani ilikuwa ndogo, ikaacha chakavu nyingi. Kwa hiyo B ya Japani ikapanuliwa: B0 yao ni mita moja na nusu ya mraba, na B4 ni milimita 257 kwa 364, wakati B4 ya Ulaya ni 250 kwa 353. Zile milimita saba za ziada ni kumbukumbu ya mafundi wa Mino, zimepenya hadi kwenye pakiti yako. Anayeagiza B5 ya Japani kwa mchapaji wa nchi nyingine bila kueleza hili atapata kitabu kilichonyolewa.

Na kilo 110 ziko hapo hapo. Ni uzito wa karatasi elfu moja za ile saizi ya nne-sita kabla hazijakatwa. Piga hesabu, utapata gramu 128 kwa mita ya mraba. Kilo 135 ni gramu 157. Mjapani anapima karatasi ya kuchorea kwa uzito wa mzigo ambao hatauona kamwe.

Tarehe 17 Machi 1959 majarida mawili, Shōnen Magazine na Shōnen Sunday, yalitoka siku moja, ya kwanza ya manga kwa wavulana kutoka kila wiki. Shōnen Jump likafuata mwaka 1968, na kufikia mwisho wa mwaka 1994 toleo moja lilichapwa nakala zaidi ya milioni sita na nusu. Majarida haya ni ya B5, manene kama tofali, yamechapwa kwenye karatasi ya kurejelezwa iliyotiwa rangi: waridi, kijani, manjano, buluu. Wengi hudhani ni pambo. Ukweli ni kwamba rojo la magazeti ya zamani hubaki na weusi wa wino, na rangi huuficha, kama vile karatasi ya kibyōshi ilivyobaki kijivu karne mbili nyuma bila wa kuificha.

Mchoraji anayelishwa na jarida la B5 huchora kwenye B4, mara 1.2 ya chapa. Fremu ya milimita 220 kwa 310 ikipunguzwa kwa kiasi hicho inakuwa karibu B5 kamili. Ndipo kisu cha mchapaji kitakapopita. Fremu ya ndani, 180 kwa 270, ni mahali pa usalama: maneno na nyuso zisivuke hapo, maana jarida nene humeza upande wa mgongo na kisu nacho hupepesuka. Alama za kukatia zilizo kwenye pembe Wajapani huziita tonbo, kereng'ende, kwa jinsi mistari yake inavyofanana na mbawa. Na buluu? Filamu ya kamera ya uchapaji iliona buluu mpauko kama nyeupe. Mchoraji aliweza kuchora, kuandika maagizo, kumtania msaidizi wake, yote kwa penseli ya buluu, na kamera ikapita bila kusema neno.

Kisha kuna upunguzaji wa pili, ambao wanaoanza huusahau. Tangu katikati ya miaka ya 1960, hadithi zilizotoka jaridani hukusanywa kwenye vitabu vidogo vya mfukoni, upana wa milimita 112 hivi. Ukurasa wa B4 sasa umeshuka hadi karibu nusu. Mstari wa nibu uliokuwa mwembamba na mtamu unaweza kutoweka. Vidoto vya tone, zile filamu za kubandika zinazotoa kivuli, vikiwa vidogo mno hugandana vikawa doa jeusi. Ndiyo sababu nibu ya G, inayotoa mstari mnene ukiikandamiza, inapendwa sana, na ndiyo sababu karatasi iwe ngumu. Kuna aina mbili kuu: Kent, iliyopewa jina la jimbo la Uingereza, ngumu, isiyochoka kwa kifutio, na ile ya kawaida ya daraja la juu, laini, rahisi, inayokimbiza kalamu lakini ikifutwa mara tatu hutoa manyoya. Ushauri wangu kwa anayeanza, kama ana hela ya moja tu: anunue ya pili nzito, ya kilo 135, afute kidogo.

Wasio na jarida walipata karatasi yao. Tarehe 21 Desemba 1975 ilifanyika Tokyo Comiket ya kwanza, soko la vikundi 32 vya wapenzi wa manga waliochapa vijitabu vyao wenyewe. Kwao karatasi ni A4: wanachora kwa ukubwa wa chapa, moja kwa moja, kisha inakatwa iwe B5. Hakuna kamera ya kuwasamehe. Mwaka 1993 ofisi za serikali ya Japani zilihamia A4 kwa barua zake, B ikaachwa kwa daftari za shule, magazeti ya wiki na manga.

Kwetu hadithi ni fupi zaidi. Mwingereza alituachia fulskepu, inchi 8 kwa 13, iliyopata jina kutokana na alama ya maji ya kofia ya mchekeshaji wa kifalme. Hata leo mtu hununua "fulskepu" dukani akapewa A4 bila wote wawili kuona ajabu. Vibonzo vyetu vilizoea kuishi ndani ya magazeti, na gazeti hupima kwa safu. Juha Kalulu wa Edward Gitau, katika Taifa Leo, alikuwa ukanda wa visanduku vichache vilivyolala upande kwa upande, na Chakubanga wa Christian Gregory, katika Uhuru, alitoshea popote mhariri alipobakiza nafasi. Jarida la Sani ndilo lililowapa wachoraji wa Tanzania kurasa nzima, na Philip Ndunguru akajaza humo akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Karatasi ilitegemea viwanda vichache: Webuye, Kenya, kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009, Mgololo, kule Mufindi, kinajulikana zaidi kwa karatasi za kaki, za mifuko na maboksi. Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, lilisafiri bure ndani ya gazeti, hivyo saizi yake ilipatana kwanza na gazeti.

Nilipojaribu kuchora nilianza na manila, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, na manila hunywa wino kama mchanga unavyokunywa maji. Kila mstari uliota ndevu. Muuza steshenari mmoja aliniapia kwamba B4 haijapata kutengenezwa duniani. Mwishoni nilinunua A3 ya gramu 160, nikapeleka kurasa kwenye kibanda cha fotokopi. Kijana alibonyeza kitufe kimoja, 71%, ukurasa ukashuka kuwa A4 bila kubaki ukingo wala kukatwa kichwa. Kitufe hicho ni Lichtenberg, 1786. Kwa mchoraji wa Dar es Salaam au Nairobi nasema aachane na kuitafuta B4. A3 kwenda A4, au A4 kwenda A5, inampa upunguzaji mkubwa kuliko wa Wajapani, na unene wa gramu 160 unavumilia nibu. Fremu zake ajichoree mwenyewe, aache sentimita mbili upande wa mgongo.

Siku hizi, bila shaka, wengi hawagusi karatasi. Korea Kusini, tangu kampuni ya Naver ilipoanzisha huduma yake ya webtoon mwaka 2004, ilizoesha wasomaji ukanda unaoshuka bila mkunjo wala ukurasa wa kumi wa kuvizia. Upana ni kioo cha simu, urefu ni kidole kitakapochoka. Japani yenyewe, mauzo ya manga ya kidijitali yaliyapita ya vitabu vya karatasi mwaka 2017. Hata hivyo fungua programu ya Clip Studio Paint, chagua ukurasa wa manga wa kitaalamu. Inakuja karatasi nyeupe isiyo na gramu wala kilo, na juu yake fremu mbili, milimita 220 kwa 310, 180 kwa 270, na kereng'ende wanne kwenye pembe. Mistari ni ya buluu mpauko, ili kamera isiione.